Pointi za Ndege Si za Bure: Maoni ya Mtoto wa Mulot

Leo naongea kuhusu ndege, kadi za mkopo na zile pointi mnaambiwa zitawapeleka Maldives bila kulipa. Najua video mnazoangalia. Jamaa ameketi kiti cha mbele kabisa, amenyoosha miguu, ana glasi mkononi, halafu anasema, "Hii tiketi ya dola 9,000 nimelipa kwa pointi tu." Chini yake Wakenya mia wanauliza, "Manze, tuonyeshe njia."

Njia ipo. Lakini ile ya huyo jamaa haipiti Mulot, na nikikuambia inapita Nairobi nitakuwa nakudanganya. Mimi nimekaa na haya mambo karibu miaka miwili kwa sababu nyumbani kulikuwa na safari ya lazima, si ya kupiga picha. Kwa hivyo nitasema nilichoona, na nitaweka hesabu mezani.

Kabla hujacheka: ndiyo, ni Mulot ile unayoijua. Mji ulio mpakani mwa Bomet na Narok, kwenye barabara ya kutoka Narok kwenda Bomet. Chai yenyewe iko juu, Konoin na Kericho. Sisi huku chini ni mahindi, ng'ombe na biashara ya kando ya barabara. Ila Kenya nzima inatujua kwa kitu kingine: kuswap laini. DCI wamekuja hapa mara nyingi kukamata vijana wanaoshtakiwa kuhamisha laini za watu na kufagia pesa kwenye simu zao. Siku hizi ukitaja Mulot kwenye matatu ya Nairobi, jirani yako anaweka simu mfukoni. Shikilia hilo, tutalirudia, kwa sababu kadi ya mkopo ni suala la kuaminiwa na jina la nyumbani linaingia kwenye hesabu.

Sasa safari. Dada yangu mkubwa anafanya kazi Saudia. Alienda kupitia ajenti kama wasichana wengi wa Kericho na Bomet, mkataba wa miaka 2. Akarudi mara moja mkataba ulipoisha, akakaa miezi miwili, akapata mwajiri mwingine, akaenda tena. Mwajiri hulipa tiketi ya kwenda, na ya kurudi ukimaliza mkataba. Ukitaka kuja katikati, hiyo ni yako. Na Kogo wetu, nyanya aliyetulea wote wawili, amefika umri ambao hatuusemi kwa sauti. Dada alinitumia ujumbe wa sauti usiku mmoja: "Nataka kumwona Kogo Desemba hii inayokuja, si ile nyingine. Wewe ni mtu wa intaneti, tafuta njia ya tiketi."

Hapo ndipo nilipoanza kusoma pointi.

Kitu cha kwanza nilichojifunza ni kwamba haya mambo ni ya zamani kutuliko. Shirika la American Airlines lilianzisha AAdvantage Mei 1981. Wazo lilikuwa rahisi: abiria akirudi kwetu tunamhesabia maili, zikijaa tunampa kiti ambacho labda kingeenda kitupu. Ni akili ya duka la mtaani linalokupa sabuni ya ziada Desemba ili usihamie kwa jirani.

Kisha benki zikaingia na mchezo ukageuka. Mashirika yaligundua yanaweza kuwauzia benki maili kwa jumla, benki nazo ziwagawie wateja kila wanapopitisha kadi. Benki inalipa shirika pesa taslimu leo, shirika linakudai wewe usubiri kiti kesho. Biashara hiyo ilikua kiasi kwamba mwaka 2020, Korona ilipofunga anga, United iliweka mpango wake wa MileagePlus kama dhamana ya mkopo, na mpango huo ukathaminiwa karibu dola bilioni 22. Hiyo ilikuwa zaidi ya thamani ya kampuni nzima kwenye soko la hisa wakati huo. Fikiria hapo. Ndege, injini, njia zote za safari, na kitabu cha pointi kinathaminiwa zaidi yao.

Kwa hivyo mtu akikuambia pointi ni zawadi, muulize nani anatoa zawadi ya thamani hiyo. Huku kwetu ng'ombe akiingia kukamuliwa anawekewa unga wake mbele, atulie. Ng'ombe anafurahia, na kusema kweli unga ni mtamu. Lakini asidhani ndoo iliyo chini yake ni bahati mbaya.

Maziwa yenyewe yanatoka wapi? Sehemu mbili. Ya kwanza ni ada anayolipa mwenye duka kila unapopitisha kadi. Marekani ada hiyo ni kubwa, mara nyingi karibu asilimia 2 ya bei, ndiyo maana benki zao zinaweza kutupa pointi 60,000 kwa mteja mpya kama mahindi kwa kuku. Umoja wa Ulaya uliweka kikomo mwaka 2015: sehemu ya ada inayoenda kwa benki ya mwenye kadi ya mkopo isizidi asilimia 0.3. Matokeo yake, kadi za Ulaya zinatoa pointi kidogo sana ukilinganisha. Kadi inaweza kufanana, lakini sheria si moja, na pointi zinafuata sheria. Kwa hivyo ushauri wa YouTube wa mtu wa Texas haufanyi kazi hata Paris, seuze Silibwet.

Sehemu ya pili ni riba. Wale wasiolipa deni lote mwisho wa mwezi ndio wanaogharamia viti vya wale wanaolipa. Nisome vizuri hapo. Ile glasi kwenye video, kuna mtu mahali fulani anailipia, na mara nyingi ni mtu mwenye mshahara mdogo kuliko anayeinywa.

Tuje nyumbani sasa. Tufanye hesabu kwa nambari za mfano, kisha wewe utaweka za benki yako.

Tuseme kadi inakupa pointi 1 kwa kila KSh 100, na pointi 1 ina thamani ya senti 50. Unatumia KSh 20,000 kwa mwezi. Unapata pointi 200, yaani KSh 100. Mwaka mzima ni KSh 1,200. Tuseme ada ya kadi kwa mwaka ni KSh 3,000. Tayari uko chini, na bado hujachelewa hata siku moja.

Sasa chelewa. Tuseme riba ni asilimia 3.5 kwa mwezi na umebaki na deni la KSh 20,000. Mwezi mmoja tu ni KSh 700. Umekula pointi za miezi 7 kwa kuchelewa mwezi 1. Na ukitoa pesa taslimu kwa kadi ya mkopo kwenye ATM ni mbaya zaidi, kwa sababu kwa kawaida riba inaanza siku hiyo hiyo, pamoja na ada ya kutoa, na pointi hupati.

Rafiki yangu mmoja wa Bomet alipitia hapo. Alipata kadi baada ya kuajiriwa, akaambiwa anaweza kulipa "kiasi cha chini" kila mwezi. Akaona ni punguzo. Kiasi cha chini si punguzo, bana, ni mlango wa zizi. Alikuwa analipa kila mwezi kwa uaminifu na deni halisogei, huku programu ya benki ikimpongeza kwa pointi alizokusanya. Mwaka mmoja baadaye aliuza simu ili afunge deni. Pointi zake zilitosha kununua earphone.

Wazazi wetu wanaijua hii hadithi kwa jina lingine. Mkulima wa chai wa KTDA hupata malipo kila mwezi, halafu bonasi mara moja kwa mwaka, karibu Oktoba. Bonasi ni pesa nzuri ikifika mzima. Lakini wapo ambao bonasi yao imeliwa tangu Machi: mkopo wa karo, mkopo wa mbolea, mkopo wa kulipa mkopo. Na kiasi hakitegemei jasho lako pekee. Wakulima wa magharibi ya Bonde la Ufa wamelalamika sana kwamba bonasi yao iko chini ya ile ya Mlima Kenya. Pointi ni hivyo hivyo. Unazikusanya, lakini bei yake inawekwa na mtu mwingine, ofisi nyingine, na anaweza kuibadilisha bila kukuuliza. Leo kiti ni maili 30,000, kesho ni 45,000. Huna pa kwenda kulia.

Halafu kuna swali ambalo washauri wa Nairobi hawajiulizi: hiyo kadi nitaipitisha wapi? Mulot nalipa Probox kwa pesa mkononi au M-Pesa. Mama mboga ni M-Pesa. Boda ni M-Pesa. Kinyozi ni M-Pesa na anataka uongeze ya kutolea. Tangu 2007 simu ndiyo benki yetu, na ndiyo maana pointi ambazo Wakenya wengi wanazijua kweli ni Bonga, si maili. Ukiniambia nitumie KSh 50,000 kwa miezi mitatu ili nipate pointi za kukaribishwa, unaniambia niache kununua kwa jirani niende supamaketi ya mji mwingine kutafuta mashine ya kadi. Nauli pekee imemaliza faida.

Na vijana wengi tayari wanaishi kwa mkopo kabla hata ya kadi. Fuliza ilianza Januari 2019, na leo kuna watu ambao mshahara ukiingia unasalimia tu na kupita. Hustler Fund ilikuja Novemba 2022 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Linganisha hiyo na asilimia 3.5 kwa mwezi kwenye mfano wangu, ambayo kwa mwaka ni zaidi ya 40. Mtu anayekopa Fuliza kununua unga hahitaji kadi ya pointi. Anahitaji mwezi mmoja wa kupumua.

Je, hivyo ndivyo tutakavyokaa, tukiambiana kadi ni shetani? Hapana. Mimi ninayo. Lakini kuipata ilikuwa sinema.

Benki ya kwanza, ambayo sitaitaja, nilienda na kila kitu: kitambulisho, cheti cha KRA, taarifa za benki za miezi sita zinazoonyesha malipo yangu ya kontenti. Ofisa akasoma kitambulisho, akatabasamu, akamgeukia mwenzake. "Huyu ni wa Mulot. Weka simu mbali." Wakacheka wote. Mimi pia nilicheka, kwa sababu ukikataa kucheka unaonekana una kitu cha kuficha. Halafu akaniomba karatasi tatu za ziada ambazo hazikuwa kwenye orodha iliyobandikwa ukutani. Baada ya wiki tatu nikapata ujumbe: ombi halikufaulu. Sababu hakuna.

Niliuliza CRB, nikatoa ripoti yangu. Safi, hakuna deni, hakuna kosa. Sijui ni jina la mji au ni kipato cha kontenti ambacho benki hazikielewi. Ninachojua ni kwamba sijawahi kugusa laini ya mtu, na mama yangu mwenyewe alishawahi kufagiwa M-Pesa na hao hao vijana. Mulot si wezi wote. Mulot ni pia watu wanaoibiwa na wezi wa Mulot, halafu wanacheka kwenye benki ili wasionekane wezi. Hiyo hakuna anayeiandika.

Benki ya pili walinipa. Kikomo KSh 30,000, ada ya mwaka wa kwanza imeondolewa. Niliweka masharti yangu kabla ya kuipitisha hata mara moja: kadi inalipa vitu vitatu tu, yaani programu ya kuhariri video, nafasi ya kuhifadhi faili, na tiketi ya ndege kama ipo. Jumla KSh 6,000 hivi kwa mwezi. Deni lote linakatwa lenyewe kwenye akaunti tarehe moja kila mwezi. Si kiasi cha chini, ni lote.

Baada ya mwaka nilikuwa na pointi 720. Nilizibadilisha kwa vocha ya KSh 360. Pakiti mbili za unga, na chenji ya kiberiti. Hiyo ndiyo Maldives yangu.

Lakini kadi ilinipa vitu viwili ambavyo havimo kwenye video za glasi. Moja, historia ya mkopo. Sasa kuna rekodi inayosema mtu wa Mulot alikopa mara 12 akalipa mara 12. Mbili, ulinzi. Programu moja ya nje ilinikata mara mbili mwezi mmoja. Niliandikia benki nikapinga malipo, nikatuma ushahidi, pesa zikarudi. Ukituma kwa simu kwa mtu usiyemjua, kurudisha ni hadithi nyingine.

Angalia pia dola. Mwanzoni mwa 2024 dola 1 ilikaribia KSh 160. Kufikia katikati ya mwaka ilikuwa karibu 130. Tiketi ya dola 500 ilitofautiana KSh 15,000 kwa miezi michache, na juu ya hapo benki nyingi huongeza ada yao ya kubadilisha pesa. Hakuna pointi zinazofunika shimo kama hilo. Kama tiketi inauzwa kwa shilingi, lipa kwa shilingi. Kenya Airways na Jambojet zinapokea M-Pesa. Na kwa tovuti za nje, tangu 2022 kuna kadi ya Visa ya M-Pesa ambayo iko ndani ya simu, inatumia pesa zako mwenyewe, haikukopeshi chochote.

Sasa nirudi kwa dada, kwa sababu huko ndiko nilikopata kitu cha maana kuliko vyote, na hakihitaji kadi.

Nilimuuliza, "Umepanda ndege za masafa marefu mara tatu. Nambari yako ya mwanachama ni gani?"

Akasema, "Mwanachama wa nini?"

Hakuna aliyewahi kumwambia. Ajenti alimpa bahasha ya pasipoti na tiketi, akamwonyesha foleni. Wasichana 20 wamevaa fulana za rangi moja pale JKIA, wanaenda kufanya kazi miaka miwili, na hakuna hata mmoja anayeambiwa kwamba maili za safari hiyo ni zake. Kujiunga ni bure. Asante Rewards ya Kenya Airways, ShebaMiles ya Ethiopian, Skywards ya Emirates, Privilege Club ya Qatar Airways, Alfursan ya Saudia: zote unajiandikisha kwa barua pepe, huulizwi mshahara, huulizwi mji. Hakuna anayecheka ukiandika Mulot.

Haijalishi nani alilipa tiketi. Maili kwa kawaida huenda kwa jina lililo kwenye kiti. Na mashirika yaliyo kwenye muungano mmoja mara nyingi huhesabiana: Kenya Airways iko SkyTeam tangu 2010, Saudia tangu 2012, Ethiopian iko Star Alliance tangu 2011. Kwa hivyo mtu akisafiri na mashirika mawili ya muungano mmoja anaweza kukusanya mahali pamoja badala ya kutawanya vijisenti kila upande.

Mashirika mengi pia yanakubali udai maili za safari iliyopita, ila kwa muda mfupi, na lazima uwe na nambari ya tiketi na kile kipande cha kupandia ndege. Dada alikuwa amevihifadhi vyote kwenye Biblia yake. Safari mbili za kwanza zilikuwa zimepitwa na wakati. Ya tatu ilikubaliwa. Alipata maili elfu chache, kwa sababu tiketi za bei ya chini huhesabiwa kidogo. Hazikukaribia tiketi. Alikaa kimya kwenye simu, kisha akasema, "Kumbe kuna vitu vyetu vinapotea hivi hivi."

Hiyo sentensi ilinikaa kuliko video zote.

Basi tulifanyaje Desemba? Njia ya kizamani. Yeye KSh 3,000 kwa mwezi, mimi 2,500, kwenye akaunti ya M-Shwari iliyofungwa ili tusiiguse. Miezi 13. Ikafika KSh 71,500. Septemba tukanunua tiketi ya kwenda na kurudi kwa KSh 68,400, kabla bei za Desemba hazijapanda. Salio lilienda kwa nauli ya Probox na kuku. Kogo alimshika dada mikono akaikagua kama mtu anayekagua majani mawili na chipukizi, akasema imekauka, akamwekea mursik. Dada aliinywa yote bila kupumua. Mara ya kwanza alipoondoka alikuwa amebeba kibuyu kidogo kwenye mkoba wa mkononi, kikabaki kwenye meza ya ukaguzi. Sheria ya vimiminiko ni mililita 100 kwenye viwanja vingi, ilianza 2006, na mlinzi hajali kama ni mursik ya nyanya yako.

Kwa hivyo huu ndio msimamo wangu, na unaweza kuubeba hata kama una miaka 17 na kitambulisho bado.

Jiunge na mipango ya mashirika ya ndege hata kabla ya kusafiri. Ni bure. Mwandikishe pia ndugu aliye Doha, Riyadh au Dubai, weka nambari yake kwenye tiketi kabla hajapanda. Ahifadhi kila kipande cha karatasi. Ajue tarehe ya maili kuisha, maana nyingi zina mwisho, Skywards kwa mfano ni miaka 3.

Usihesabu tiketi ya maili kama bure mpaka uone kodi na ada za uwanja. Zinabaki juu yako, na wakati mwingine zinakaribia nusu ya bei.

Kadi ya mkopo chukua kama una kipato kinachojirudia, na kama ungekuwa umenunua kitu hicho hicho kwa pesa yako leo. Lipa lote. Ukishindwa kulipa lote miezi miwili mfululizo, ifunge. Usibishane na riba, haina aibu.

Pointi za kadi zikija, zitumie mapema. Zikikaa zinaoza, kwa sababu bei si yako.

Na linda laini. Hili nalisema kama mtu wa Mulot, mnisikilize. Mwizi hahitaji kadi yako. Anahitaji laini yako kwa dakika kumi, nambari ya kitambulisho, na wewe umsomee tarakimu zilizoingia kwa ujumbe. Ukiambiwa "pointi zako zinaisha leo, thibitisha hapa," hiyo ni ndoano. Safaricom wakikupigia wanatumia 0722 000 000 pekee. Piga *100*100# ili laini yako isibadilishwe mpaka ufike dukani mwenyewe. Kadi ya mkopo ikikutana na laini iliyoibiwa, hutapoteza ulichonacho tu, utapoteza na ambacho huna.

Mwisho, kwa ofisa yule aliyecheka: sina kinyongo, ila sina utani pia. Dada yangu ni wa Mulot. Ametuma pesa nyumbani kila mwezi kwa zaidi ya miaka mitatu, amejenga choo, amelipa karo ya wawili, na hajawahi kukosa kulipa mtu. Kama benki ingekuwa inahesabu uaminifu kwa matendo badala ya kwa mji, yeye ndiye angeketi mbele na glasi. Kwa sasa ana akaunti ya maili yenye jina lake, nambari anayoijua kwa kichwa, na safari ya kurudi Januari ilihesabiwa yote.